Nyumba Mia za Ga-on

Asubuhi ile Mwenyekiti Seok alipuliza kipaza sauti cha kijiji mara tatu, akakohoa, akasema: "Aa, aa. Wanakijiji wa Bamgol, hamjambo. Leo hakuna tangazo la mbolea. Leo hakuna tangazo la msiba." Tukasikia anapenga kamasi. "Mke wa Dong-ha amejifungua salama huko mjini. Mtoto wa kike. Nimemaliza." Kumbe hakuzima. Kijiji kizima kikamsikia akimwambia mkewe, "Mama, hebu nimiminie pombe ya mchele. Usinitumbulie macho, najua ni saa moja asubuhi."

Ilikuwa imepita miaka kumi na mmoja tangu Bamgol ipate mtoto, na yule wa mwisho wazazi wake walihama naye hajaota hata jino. Mpaka siku hiyo mtu mdogo kuliko wote kijijini nilikuwa mimi, na nina miaka kumi na sita. Mwenyekiti wa vijana ana sitini na tatu.

Dong-ha ni kaka yangu. Yeye na wifi yangu Yun-seul walirudi kutoka mjini mwaka juzi, kodi ya nyumba ilipowashinda. Kaka analima vitunguu saumu, na wifi anachora maua ya karatasi za ukutani kwa kompyuta, kazi ambayo mtu aweza kuifanya hata kwenye banda la ng'ombe. Lakini ninayetaka kumwandika hapa ni bibi yetu, Gwak Bun-rye, mwenye miaka sabini na tisa, mfupi, miguu imepinda kwa kuchuchumaa shambani, na sauti kubwa kuliko mwili wake. Shule yetu ilipofungwa kwa kukosa watoto, kifua changu hakikuliweza basi la mjini, nikabaki nyumbani na Bibi. Kwa hiyo nimemtazama sana.

Walipomleta mtoto, Ga-on, siku ya nne, Bibi alikuwa ameshafunga kamba langoni. Kamba hiyo haisokotwi kama kamba nyingine. Mabua ya mpunga husokotwa kwenda kushoto, na akiwa mtoto wa kike huchomekwa vipande vya makaa na vitawi vya msonobari. Ikishafungwa, mgeni haingii siku ishirini na moja. Bibi alikuwa hajaisokota miaka mingi, vidole vikawa vinajiendea kulia vyenyewe. Aliifumua mara tatu, huku akivitukana vidole vyake kimoja kimoja.

Siku ya tisa akaja afisa wa wilaya, kijana wa suti, na mkoba mweusi begani na kapu la zawadi mkononi: nepi, sabuni, na mwani mkavu wa kupikia mzazi. Nyuma yake mpiga picha. Bibi akawasimamisha kwenye kamba.

"Hapo hapo, baba. Usivuke."

"Bibi, tumetoka wilayani. Tumeleta pongezi."

"Zipitishe kwa juu."

Kapu likapita juu ya kamba, picha ikapigwa. Afisa akatoa karatasi akasoma: kuna fedha za mtoto wa kwanza, akija wa pili zitaongezwa, na akija wa tatu zitaongezwa zaidi. Wifi yangu alikuwa amekaa barazani na bakuli la mchuzi wa mwani, la nne siku hiyo, analitazama kama adui.

"Na hao wa pili na wa tatu watatibiwa wapi?" akauliza. "Daktari wa watoto aliye karibu yuko mwendo wa saa nzima. Juzi huyu kapiga chafya mbili tu, tumeendesha gari mpaka nikasahau jina langu."

Afisa akaigeuza karatasi. Upande wa pili ulikuwa mtupu. "Hilo... nitaliandika."

"Wewe mwenyewe unao wangapi?" Bibi akamuuliza.

"Sijaoa, Bibi."

"Miaka?"

"Thelathini na minane."

"Lo! Kwa hiyo unataka huyu akuzalie na wako?"

Mpiga picha alicheka mpaka akashika nguzo ya lango. Afisa naye akacheka, maskini, masikio yamekuwa mekundu. "Bibi, natoka kazini saa tatu usiku. Chumba changu, nikinyoosha miguu nagusa friji. Nimwoe nani, nimweke wapi?"

Bibi hakumcheka tena. Aliingia jikoni akatoka na viazi vitamu vya kuchoma, akampitishia juu ya kamba, akamwambia ale kimoja njiani na kingine akifika. Alipokwenda, Bibi alibaki langoni akiutazama ule mkoba mweusi ukishuka bondeni.

"Nilikuwa nao kama ule," akasema.

Hilo kila mtu Bamgol analijua. Bibi alipoolewa hapa, ana miaka kumi na tisa, kijiji kilikuwa na nyumba mia na kumi na mbili, na watoto wengi hata mama akiita jioni "Njooni mle!" walikuja sita, na wawili tu ndio wake. Ikifika masika mchele umekwisha na shayiri haijakomaa, watu wakichemsha magome ya msonobari. Serikali ikasema watoto wamezidi, wawili wanatosha. Ikatafuta katika kila kijiji mwanamke mmoja anayejua kusoma na asiyeogopa watu. Bibi alikuwa amesoma miaka minne, na hakuogopa hata nyoka. Akapewa mkoba wa vidonge, akawa mwenyekiti wa kina mama.

Alipita mlango kwa mlango. Mama wakwe walimfukuza kwa mafagio. Mmoja alivikamata vidonge vya mke wa mwanawe akawamwagia kuku, na Bibi anaapa kuku wale hawakutaga msimu mzima, ingawa kila anaposimulia idadi ya kuku huongezeka. Lakini walikuwapo waliomngoja njiani. Mama mmoja wa watoto saba alimshika mikono yote miwili akalia, akamwambia, "Bun-rye, leo nitalala usingizi." Bibi akifika hapo huacha kucheka. Huyo mama, asema, hata Bibi mwenyewe angerudishwa ujanani mara kumi, angempelekea vidonge mara kumi.

Nyumba moja tu haikumsamehe, nayo ni ya jirani yetu wa hatua arobaini, Bi Tak Mal-im. Zamani hizo lilikuja tangazo kwamba mwanamume wa jeshi la akiba akikubali kufungwa uzazi atasamehewa mazoezi yake ya mwaka. Bibi ndiye aliyelisoma tangazo lile kijijini. Mume wa Bi Tak, mtu asiyependa kukimbia na bunduki juani, akaenda akafungwa bila kumwambia mkewe. Walikuwa na binti mmoja mdogo. Bi Tak akangoja mimba miaka mitatu. Alikunywa mizizi, akapanda kwenye hekalu la mlimani kwa magoti, mpaka siku mume alipolewa ndipo akasema.

"Siku tatu za mazoezi," Bi Tak husema hadi leo, "mwanamume alizibadilisha na ukoo mzima."

Mume alikwisha kufa. Binti yuko Kanada na mbwa wawili. Na Bi Tak, tangu siku ile, miaka arobaini na mitano, hajala kitu kilichotoka mkononi mwa Bibi. Kina bibi wanapopika pamoja kwenye ukumbi wa kijiji, huuliza kwanza, "Kabichi hii kaitia nani chumvi?" Akiambiwa ni Bun-rye, hula wali mtupu.

Sasa, siku ya mia ya mtoto kwetu hupikwa mkate wa mchele wa mvuke, mweupe mtupu, ukagawiwa nyumba mia ili mtoto apate umri mrefu. Siku hizi watu huutuma kwa posta. Wifi naye, siku moja tuko ukumbini, kina bibi wanacheza karata, akasema:

"Bibi, tuagize visanduku mia. Nina marafiki wengi mjini, posta itawafikishia."

"Marafiki zako watamwona Ga-on akianza kutembea?"

"Watamwona kwenye simu."

"Simu itamwokota akitumbukia mtaroni?" Bibi akapiga karata yake chini, pa! "Nyumba mia za watu watakaomwona akikua. Nitapeleka mwenyewe kwa mkono wangu."

Kwenye kona, pale sakafu inapopata moto vizuri kutoka chini, Bi Tak akaanza kucheka. Alicheka peke yake, taratibu, kama mtu anayekuna mgongo.

"Jamani, mmesikia? Mwenyekiti wa Vidonge anatafuta nyumba mia! Bamgol nzima nyumba zenye moshi ni thelathini na moja. Ulipita ukizipunguza, haya pita uziongeze."

"Zitapatikana."

"Zilizobaki utawapa panya. Si ndio wenye nyumba siku hizi?"

Kina bibi wakaangua kicheko, maana Bi Tak anajua kutania. Bibi alikusanya karata zake moja moja. Shingo ilikuwa imemwiva.

"Mia," akasema. "Siku yenyewe, kabla jua halijazama. Utaona."

Njiani kurudi nilidhani amekasirika tu. Lakini tulipofika lango letu alisimama akanishika bega. "Nilipita milango yote hii nikiwaambia watu wapunguze," akasema. "Sijui niliwakosea wangapi na niliwasaidia wangapi. Kabla sijafa nataka nipite tena, safari hii nimebeba mkate wa mtoto. Ikipungua hata nyumba moja nitajua sikumaliza."

Basi tukaanza kuzitafuta. Ukitoa yetu na ya Bi Tak, Bamgol ilitupa ishirini na tisa. Vijiji viwili vya jirani, cha juu na cha ng'ambo ya kijito, vikatupa arobaini na tatu. Ikawa sabini na mbili, na hapo ndipo ukumbi ulipogeuka mahakama. Sista wa zahanati anayelala chumba cha nyuma, ni nyumba? Ni nyumba. Mtawa wa hekaluni? Anaishi peke yake na redio, ni nyumba. Mume na mke wafuga nyuki, na kaka wa yule mume aliyenuniana nao akajenga kibanda chake upande wa pili wa mizinga? Hizo ni mbili, na Mungu awapatanishe. Wanepali wanaofanya kazi kwenye mabanda ya stroberi—

"Wale wanakaa kwenye makontena," mwenyekiti wa vijana akasema.

"Ndani ya kontena wanapika wali?"

"Wanapika. Harufu yake inanifikia."

"Basi ni nyumba. Makontena sita, nyumba sita."

Kesi iliyochukua siku mbili ni ya shule yetu. Tangu ilipofungwa imekuwa makao ya wazee, na humo mna watu kumi na wanane wa Bamgol ambao nyumba zao zimefungwa kwa kufuli. Bi Tak alisema jengo moja ni nyumba moja. Bibi akamjibu, "Mzee Hwang nyumba yake iko gizani kwa sababu Mzee Hwang yuko kule. Hajafa. Nyumba imemfuata." Wakapiga kura. Kumi na wanane wakapita kwa kura moja, na ikawa mia kamili, bila hata moja ya akiba.

Siku ya mia iliangukia kwenye mavuno ya vitunguu saumu, bonde lote linanuka. Alfajiri kinu cha mchele kilikuwa kinafuka mvuke, na saa mbili Mwenyekiti Seok alileta kigari chake cha mizigo, amevaa tai. Bibi alikaa mbele na mkate wa kwanza mapajani. Wifi alikaa katikati na Ga-on. Mimi nilikaa nyuma na masinia.

Sijawahi kumwona Bibi hivyo. Kila mlango aliugonga kwa mtindo mmoja, mara mbili kwa kiganja, na kusema, "Mkate wa siku mia! Kuleni, mtoto aishi!" Watu walitoka na matope ya shamba mikononi. Sahani ya mkate huu hairudishwi ikiwa imeoshwa, wala hairudishwi tupu: mtu huweka uzi wa kushonea, maana uzi ni mrefu, au ngumi ya mchele. Kijiji cha juu, mzee mmoja aliye peke yake hakuwa na uzi. Alizunguka ndani, tukisikia makabati, akatoka na mshipi wake wa kuvulia samaki umevingirishwa vizuri.

"Huu ndio mrefu kuliko wote nilionao," akasema. "Umewahi kuvuta kambale wa kilo nne."

"Basi ataishi sana," Bibi akasema, akamshukuru kwa kuinama hadi chini.

Kwenye makontena, kijana wa Kinepali anayeitwa Bishal aliupokea mkate kwa mikono miwili, akawaita wenzake, wakaula wamesimama. Kisha akaichukua sahani akaiosha kwa sabuni, akaifuta, akaileta inang'aa. Mwenyekiti Seok akashika kichwa. "Ameosha umri wa mtoto!"

"Nimekosea, Bibi?" Bishal akauliza, uso umembadilika.

Bibi akachukua punje za mkate zilizobaki kwenye sinia, akazisugua ndani ya sahani mpaka ikachafuka kabisa. "Nani kaosha? Mimi sioni sahani iliyooshwa." Bishal akacheka, akakimbia ndani akaleta uzi mwekundu, akauliza kama anaweza kumfunga mtoto mkononi, kama wanavyofanya kwao. Wifi akamnyooshea mkono wa Ga-on.

Shuleni, yaani kwenye makao ya wazee, walikuwa wamepangwa kwa viti vya magurudumu kwenye ukumbi mrefu uliokuwa darasa langu la pili. Bibi alipita kwa kila mmoja akimtaja kwa jina la nyumba yake: nyumba ya mkomamanga, nyumba ya kisima, nyumba ya bati jekundu. Ga-on akaamka, akalia kwa nguvu zake zote. Wauguzi wakashtuka. Lakini wale wazee walianza kucheka, kwanza mmoja, kisha kumi, wakapiga makofi, na kadiri mtoto alivyolia ndivyo walivyozidi kufurahi. Mzee Hwang, ambaye wanasema huwa haongei, alimwonyesha kwa kidole. "Ana njaa huyo," akasema. "Nyonyesha, unangoja nini?" Wifi akamnyonyesha pale pale, amegeukia ubao.

Ilipofika jioni, tulikuwa kwenye kijito, nyumba ya tisini na tisa. Iliyobaki ilikuwa ya Bwana Cheon, mchonga mipini ya majembe. Tukakuta kufuli. Jirani yake akatuambia bintiye alikuja mchana akamchukua mjini kwa operesheni ya macho, atarudi wiki ijayo.

Jua lilikuwa limebakiza kama kiganja kimoja juu ya mlima. Mwenyekiti Seok alifungua tai yake.

"Bibi Bun-rye, usihofu. Ng'ambo ya mlima kuna mji mzima. Dakika ishirini tu, tunagonga mlango wowote, tunatoa, mia imetimia."

"Nani huko anayemjua Ga-on?"

"Si atamjua akishakula?"

"Bibi," wifi akasema kwa upole, "tisini na tisa ni nyingi sana. Mimi sikuamini hata hamsini."

Bibi alikuwa amekaa ukingoni mwa gari, mkate wa mwisho mapajani umefunikwa kwa kitambaa. Nikaona anautazama mlima, halafu bonde letu, ambako moshi ulikuwa unapanda kwenye nyumba chache.

"Njia ya mjini inapita mbele ya lango la Mal-im," akasema. "Nitampitaje na sahani mkononi, niende kumtafutia mtoto mtu wa mia kwa wageni? Seok, washa gari. Turudi nyumbani."

Bi Tak alikuwa barazani kwake, anakata mizizi ya vitunguu saumu kwa kisu kifupi. Hakuinua kichwa. Bibi aliingia peke yake uani. Sisi tulibaki langoni, lakini ua wenyewe ni mdogo, kila neno tulilisikia.

"Tisini na tisa," Bi Tak akasema. "Seok anahesabu kwa sauti kama anapiga mnada, bonde zima limesikia."

"Tisini na tisa," Bibi akajibu. Akaiweka sahani ukingoni mwa baraza, akabaki amesimama.

"Chukua sahani yako."

"Mal-im."

"Nini? Umeniletea tangazo lingine?"

Nilijua Bibi atasema nini. Kila walipogombana alisema lile lile: mimi nilisoma karatasi, sikumburuta mumeo. Nikalisubiri. Bibi akavua kwanza kofia yake ya jua.

"Walikuwa wameniahidi cherehani," akasema. "Majina ishirini ya waliokubali kufungwa, cherehani moja. Nilikuwa na majina kumi na tisa. Mumeo alinijia akaniuliza kama ni lazima mke ajue. Nikamwambia si lazima."

Kisu kilisimama. Wifi alinishika mkono. Hata mimi, miaka yote ile ya kumtazama, hilo sikulijua.

"Nilijua," Bi Tak akasema.

"Ulijua?"

"Cherehani ilisikika mpaka hapa! Kila jioni, trrr, trrr. Nikilala hapa nasema, huyoo, anawashona watoto wangu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie mimi? Aliyekosa nani? Nimekaa miaka arobaini na mitano nangoja useme kwa mdomo wako. Ulipoteleza kwenye barafu mwaka ule ukavunjika nyonga, nilikwenda hekaluni nikakuombea upone. Usidhani ni mapenzi. Niliogopa utakufa hujasema."

Bibi akapiga magoti pale chini, kwenye maganda ya vitunguu. "Nisamehe, mdogo wangu."

"Inuka, utashindwa kuinuka." Bi Tak akajifuta pua kwa mkono wa shati. "Na usiniharakishe. Nimekasirika muda mrefu, nimeshazoea, siwezi kuacha jioni moja." Akatupa macho langoni. "Nyie mnaochungulia! Mleteni huyo mtoto. Mimi sili mkate wa mtu nisiyemjua."

Wifi akaingia, akamweka Ga-on mapajani pake. Bi Tak hakujua amshike vipi. Alimshika kama mtu aliyepewa bakuli lililojaa mpaka juu. Ga-on akamtazama. Akakamata kidole chake, akakipeleka mdomoni. Kidole kilikuwa kimekata vitunguu saumu tangu asubuhi. Uso wa mtoto ukajikunja wote, macho yakapotea, tukadhani atapiga ukelele. Badala yake akapiga mdomo, nya, nya, akakivuta tena.

"Mtu wa Bamgol huyu!" Bi Tak akapasua kicheko, machozi yanamtoka. "Mmemwona? Anarudia!"

Akafunua kitambaa, akamega mkate kwa mkono mmoja, akala. Alitafuna polepole sana. Bibi alikuwa bado chini, kweli ameshindwa kuinuka, anamtazama taya.

"Chumvi haba," Bi Tak akasema.

"Bi Tak!" Mwenyekiti Seok akaita kutoka barabarani. "Umemeza? Nihesabu? Jua linazama!"

"Seok, nenda kahesabu nywele zako, hazitakuchukua muda!" Akameza. Akamega tena. Akaula wote, na punje za kwenye sahani akaziokota kwa ncha ya kidole, kidole kile kile cha mtoto. Kisha yeye na wifi wakamshika Bibi kwapani, mmoja huku mmoja kule, wakamwinua.

Hiyo ilikuwa majuma matatu yaliyopita. Tangu hapo Bi Tak anakuja kwetu kila asubuhi kabla ya chai, bila kubisha hodi, na anakula kila kinachopikwa, huku akikisema vibaya. Jana walikuwa wanamwogesha Ga-on uani, wazee wawili na beseni moja.

"Maji ya moto hayo, dada! Unapika kuku?"

"Yako sawa. Nimezaa watatu mimi."

"Na mimi nimezaa mmoja aliyefika Kanada. Ongeza baridi."

"Mshike shingo basi, si umekazana na mdomo."

Wifi alikuwa ndani na kompyuta yake. Bi Tak akapaza sauti kuelekea dirishani, "Yun-seul! Huyu anataka mdogo wake wa kucheza naye. Lini?"

Bibi akamchapa na taulo lenye maji. "Wee! Hilo ni la chumbani kwao. Mimi nilishaingia vyumba vya watu vya kutosha."

"Nimeuliza tu."

"Usiulize hata tu."

Dirishani wifi alikuwa anacheka. "Mtoto mzima huko?" akauliza.

"Mzima!" wakajibu wote wawili kwa pamoja, wakarudi kugombania maji.